Waini ya nanasi inafoka povu hadi sakafuni, nifanyeje?

Ndoo_Nyeupe
Wakuu, habari za asubuhi. Jana saa tatu usiku nimeanzisha waini ya nanasi. Mananasi 8 nimeyasaga kwenye blenda bila kuchuja, sukari kilo 4, hamira ya chenga pakti 2 za gramu 11, na maji hadi ikafika lita 18 kwenye ndoo ya lita 20. Mfuniko umebana, una mrija mwembamba wa dripu uliozama kwenye chupa ya maji. Leo saa kumi na mbili mfuniko umetuna kama chapati, mrija umeziba kwa machicha, povu linapenya pembeni na kutiririka sakafuni. Niko Dar, chumba kina nyuzi joto 31. Imeharibika? Niibane zaidi au nimimine maji ya barafu?

Kiti_Moto_77
Weka tofali juu ya mfuniko mkuu, povu litachoka lenyewe.

Fundi_Dumu
Tofali hapana! Kilo moja ya sukari ikiliwa yote hutoa gesi karibu nusu kilo, na kwa joto la Dar hiyo ni zaidi ya lita 250. Ukiizuia, ndoo itapasuka au mfuniko utaruka na kupaka dari nanasi.

Haijaharibika. Hamira ina afya, ila umeipa vitu vinne kwa pamoja: joto, hamira nyingi, machicha, na ndoo isiyo na nafasi. Anza hivi sasa hivi:

1. Legeza mfuniko upande mmoja kwanza, taratibu, uso ukiwa mbali. Ukiufungua wote kwa mkupuo, gesi iliyoyeyuka ndani itatoka yote pamoja na povu litapanda kwa sekunde chache.
2. Gawa mara mbili. Osha ndoo nyingine, isuuze kwa maji yaliyochemka, uhamishie nusu. Lita 9 kwenye ndoo ya lita 20 hazifoki tena.
3. Ng'oa huo mrija wa dripu. Hatua hii haihitaji mrija kabisa: funika kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili na ukifunge kwa mpira. Gesi inayotoka kwa kasi hii inazuia hewa kuingia. Kama lazima utumie mrija, tafuta mpira wenye tundu la sentimita 1 au zaidi.
4. Futa ukingo na sakafu kwa maji ya moto. Povu lililokauka huita vile vijinzi vidogo vya matunda, na hao ndio hubeba bakteria wa siki.

Kisha machicha. Gesi huyainua juu yakawa kama kizibo, na chini yake joto na mgandamizo vinajijenga. Yazamishe kwa mwiko uliochemshwa asubuhi na jioni, polepole. Siku ya tatu au ya nne yachuje kwa chachi bila kuyakamua kwa nguvu. Safari ijayo yafunge tangu mwanzo kwenye mfuko wa kitambaa chepesi.

MamaRozela
Naongezea kwenye joto, maana hapo ndipo ladha inapopotelea. Usipime chumba, pima kilichomo ndani ya ndoo. Uchachukaji wenyewe hutoa joto, kwa hiyo chumba cha nyuzi 31 kinaweza kukupa 34 au 35 katikati ya ndoo. Ikipita 30 hamira hutengeneza vileo vizito: waini inanuka kama rangi ya kucha, inachoma koo, na kichwa cha kesho yake unakijua. Harufu hiyo haiondoki hata ukiitunza mwaka mzima.

Lenga 22 hadi 26. Weka ndoo kwenye karai, jaza maji hadi nusu ya kimo chake, tumbukiza kwenye karai chupa 2 za lita moja na nusu zilizoganda, uzibadilishe asubuhi na jioni. Kuvisha ndoo kanga mbichi na kuwasha feni kunafanya kazi vizuri Dodoma, ambako hewa ni kavu. Dar unyevu ni mwingi, kanga inabaki mbichi tu na ndoo haipoi vya kutosha.

Barafu usiimwage ndani. Ukiishusha ghafla kutoka 34 hadi 18, hamira inalala chini na sukari inabaki. Shusha nyuzi 3 au 4 kwa nusu siku, inatosha.

Fundi_Dumu
Sawa kabisa. Na kuna hesabu ya sukari. Gramu 17 kwa lita hutoa takriban asilimia 1 ya kileo. Kilo 4 zako, pamoja na sukari ya nanasi lenyewe (tuseme gramu 700), kwenye lita 18 ni gramu 261 kwa lita, yaani asilimia 15. Hamira ya mkate nyingi huchoka kwenye 10 hadi 12. Utabaki na sukari ambayo haijaliwa, na siku moja hamira ikizinduka ndani ya chupa zilizofungwa, zitalipuka.

Ukishagawa, ongeza lita 3 kwenye kila ndoo, maji yaliyochemka yakapoa au juisi ya nanasi. Kwa maji unapata lita 24 zenye gramu 196, kama asilimia 11 na nusu. Yatapoozesha ladha kidogo, kwa hiyo kamulia ndimu 2 kila ndoo. Juisi ina ladha zaidi ila inaongeza sukari, na hapo tunarudi kulekule.

Hamira: gramu 1 kwa lita 4. Ulihitaji gramu 5, umeweka 22. Hamira ya waini iitwayo EC-1118 haina povu jingi na inavumilia hadi asilimia 18, lakini nayo usiivushe nyuzi 30.

Ndoo_Nyeupe
Shukrani wakuu. Nimegawa na kuweka kwenye karai, povu limeshuka hadi vidole viwili. Ila sasa inanuka yai viza. Na ndoo zipo stoo isiyo na dirisha, kuna shida?

MamaRozela
Yai viza ni hamira yenye njaa iliyozidiwa na joto. Chukua nusu kijiko cha chai cha hamira, chemsha dakika 10 kwenye nusu kikombe cha maji, ipoe, gawa kwenye ndoo mbili. Hiyo imekufa, ni chakula cha wenzake. Koroga kwa upole kutoa gesi. Kwa kawaida harufu hupungua ndani ya siku moja au mbili.

Stoo usiifunge na mtu asilale humo. Gesi ya uchachukaji (kabonidioksidi) ni nzito kuliko hewa, inatuama chini.

Kiti_Moto_77
Tofali nimelirudisha kwenye ukuta. Mrija utarudi lini?

Fundi_Dumu
Povu likiisha na machicha yakishachujwa, kama siku ya tano. Hapo gesi haitoshi tena kukinga, kwa hiyo hamishia kwenye chupa ya maji ya lita 18.9, ujaze hadi shingoni, ndipo mrija. Zitakazozidi weka kwenye chupa ndogo, nazo zijae. Usifunge chupa za kunywea hadi haidromita (kipimo kinachoelea, kinachoonyesha sukari iliyobaki) isome namba ileile siku tatu mfululizo.