Barua za kupendekezwa kuingia sororiti chuoni Marekani, zina maana au napigwa?

MamaKifungua:
Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri na naomba msinicheke maana jambo lenyewe sijalielewa vizuri.

Niko Houston mwaka wa kumi na moja sasa, nahudumia wazee kwenye nyumba yao, shifti za usiku. Binti yangu wa kwanza kamaliza shule mwezi wa tano na Agosti anaanza chuo, jimbo la jirani huku huku Kusini, silitaji. Tangu Pasaka nyumba haina amani, ni sororiti sororiti. Nilivyoambiwa ni vikundi vya wasichana chuoni vinajiita kwa herufi za Kigiriki, wana majumba yenye nguzo kama ikulu, wanaitana dada, na huingii mpaka wakuchague. Nikasema sawa, kama ni kikoba cha wasomi haina shida.

Shida ni barua. Anasema wenzake wana barua za kupendekezwa, yaani mwanamke aliyekuwa mwanachama enzi zake anaandika kwamba huyu binti namjua, ana adabu, mchukueni. Na si barua moja, kuna mwenzake mama kapita huko, bibi kapita huko, sasa ana barua ya karibu kila nyumba na nyumba zenyewe ni kumi na kitu. Mimi nimesoma Korogwe jamani, mama yangu kaishia la saba, hiyo barua naitoa wapi? Nikamuuliza ndo kama ile ya serikali ya mtaa, akacheka akajifungia chumbani.

Sasa juzi kwenye kipaimara cha mtoto wa rafiki yangu, dada mmoja tunajuana juu juu akanivuta pembeni akaniambia ana watu wake, atanipatia barua tatu, kila moja dola 150, ila nitume hela kabla ya mwisho wa mwezi. Dola 450 kwangu ni shifti tatu kamili. Nimeona niulize kwanza. Hizo barua zina maana kweli? Na mtoto asipokuwa nayo ndo basi tena?

Kabwela Halisi:
Herufi za Kigiriki, siri, majumba yenye nguzo, na bado unauliza? Freemason hao mama. Mrudishe binti Tanga akasalimie bibi yake. Nimekaa pale chini ya mwembe nasubiri wajuzi.

Shangazi wa Maryland:
Kabwela utani weka pembeni, mwenzio ana mtoto.

Mdogo wangu, USITUME HELA. Ntakueleza kwa nini ila kwanza muulize binti swali moja, anataka zipi? Maana neno ni moja ila koo ni mbili na mambo yao hayafanani kabisa.

Kuna zile za majumba yenye nguzo, za wiki ya Agosti ambayo wenyewe wanaiita rashi, mabinti mia kwa mia wamevaa gauni wanazungushwa nyumba kwa nyumba. Hizo ziko chini ya baraza lao linaitwa National Panhellenic Conference, lipo tangu 1902, wengi ni wazungu. Halafu kuna za weusi. Watu weusi walikuwa hawapokelewi kule wakaanzisha zao, Alpha Kappa Alpha (AKA) ya kwanza pale chuo cha weusi cha Howard mwaka 1908, Delta Sigma Theta 1913, Zeta Phi Beta 1920 zote Howard, na Sigma Gamma Rho 1922 huko Indianapolis. Ukiwaona akina mama wa makamo wamevaa pinki na kijani wanamshangilia Kamala Harris, hao ni AKA, yeye aliingia akiwa Howard.

Sasa barua ya ukoo huu na barua ya ukoo ule ni vitu viwili, ndo maana nauliza.

MamaKifungua:
Asante dada. Nimemuuliza, anasema za Agosti, zile anazoziangalia TikTok. Ila za weusi pia "labda baadaye".

Na ngoja niwape kioja. Kazini kuna nesi mkuu wetu wa zamu, mama mweusi wa Louisiana, gari lake lina fremu nyekundu ya Delta kwenye namba. Jana nikajikaza nikamwambia mwanangu anaomba barua. Akanitazama juu ya miwani, akaniuliza "nani anaomba, wewe au yeye?" Nikakosa la kusema. Akaniambia mwambie asome kwanza, halafu akaondoka na faili lake. Nimekosea wapi?

Shangazi wa Maryland:
Hahaha pole. Umeenda kuposa bila mshenga.

Kwenye koo za weusi mzazi hamuombei mtoto, binti mwenyewe ndo anatakiwa aonekane. Aende kwenye shughuli zao za kujitolea, asaidie, wamjue kwa sura na kwa kazi, na afanye hivyo kimya kimya bila kutangaza mtandaoni kwamba anaitaka ipi. Hawachukui mtu wiki ya kwanza ya chuo, kwa kawaida lazima kwanza awe na matokeo ya chuo mkononi. Wakifungua usajili, kuna mkutano wa kuwaeleza wanaotaka, halafu ndo makaratasi, na huko barua bado zina uzito wake, ya mwanachama aliyelipa ada zake (asiyelipa sahihi yake haisaidii kitu), ya mwalimu, ya mahali ulipojitolea. Masharti kamili kila moja inayaweka kwenye tovuti yake ya taifa, asome pale asisikilize ya mitaani. Na asije akaenda kwenye shughuli ya AKA amevaa pinki na kijani, rangi za wanachama, watamkumbuka mpaka anamaliza chuo na si kwa uzuri.

Kwa hiyo nesi wako hajakutukana. Kakupa jibu zuri kuliko unavyodhani. Mlango kauacha wazi.

Mwana_wa_Murang'a:
Mimi ni Mkenya, nilikuwa Alabama miaka hiyo wacha niongeze kitu juu ya hizo barua za upande wa majumba makubwa. Watu wanaongea kama ni karatasi tu, aii, hiyo karatasi ilikuwa geti. 2013 gazeti la wanafunzi wa University of Alabama linaitwa The Crimson White lilitoa stori Septemba, kwamba kuna msichana mweusi alama zake ziko juu sana, familia inajulikana, na wasichana wenyewe ndani ya nyumba walikuwa wanamtaka, lakini wale wazee wao, wanachama wa zamani, wakamkataa. Na sababu moja iliyotajwa unajua ni gani? Ati mambo ya barua za rekomendesheni hayako sawa. Hiyo ni miaka 50 tangu gavana wa Alabama George Wallace asimame kwa mlango wa chuo hicho hicho 1963 kuzuia wanafunzi weusi wawili wasiingie. Makelele yakawa mengi, rais wa chuo akaamuru milango ifunguliwe tena wachukue wasichana nje ya ile wiki, na wasichana weusi kadhaa wakaingia.

Fikiria tu. Kama barua lazima iandikwe na mwanachama wa zamani, na wanachama wa zamani wote ni wazungu wa mtaa mmoja na kanisa moja, mtoto wa kina sisi atajulikana na nani? Hakuna haja ya kuandika kibao weusi wasiingie, barua inatosha.

Kabwela Halisi:
Kwa hiyo ni kimemo. Tungeambiwa mapema kwamba ni kimemo tungeelewa.

Mwana_wa_Murang'a:
Kimemo chenye riboni.

Bint Pangani:
Shikamoo mama. Mimi nimepita hiyo rashi juzi juzi tu tena huku huku Kusini kwa hiyo naongea nilichokiona kwa macho yangu.

Sikuwa na barua hata moja. Fomu ya kujisajili ya chuoni kwetu haikuiuliza popote. Waliokuwa wanachama walituambia kuanzia kama 2020, 2021 hivi, baada ya yale maandamano ya George Floyd, sororiti nyingi za upande huu zilifuta sharti la barua na nyingi zikafuta pia ule upendeleo wa mtoto wa mwanachama. Zipo ambazo mwanachama wa zamani akitaka kumsemea mtu bado anaweza, na mama wa Kusini hawajaacha mazoea yao, wanatafuta barua kama wanatafuta maziwa dhoruba inakuja, ila hakuna aliyeniambia nimekatwa kwa kukosa barua.

Na mama hata ikiwepo, hiyo barua haishikwi mkononi. Mwanachama anajaza fomu kwenye mtandao wa sororiti YAKE, kwa jina lake, inaenda huko huko moja kwa moja, binti hata haioni. Sasa huyo dada wa kipaimara atakupa nini, bahasha? Na mwanachama wa nyumba moja hawezi kukuandikia ya nyumba nyingine. Ukimuuliza "wewe ni mwanachama wa ipi" atakwama hapo hapo.

Mabinti wengi wanakatwa kwa vitu vingine kabisa. Alama za shule, kila nyumba ina kiwango chake ukiwa chini hawakuangalii mara mbili. Mitandao, wanapekua, ile picha ya kikombe chekundu cha pombe aifute leo. Halafu maongezi. Unaongea dakika chache na mtu humjui, muziki unalia, wenzio mia wanapiga kelele, jua limekuunguza, halafu unatakiwa uoneshe wewe ni nani. Mimi siku ya kwanza niliulizwa unatoka wapi nikaanza historia ya Pangani tangu Wajerumani, dada wa watu macho yakamtoka. Kesho yake ile nyumba haikuniita. Nililia chooni kabisa. Baadaye nikajifunza kusema kidogo na kuuliza zaidi, nikaanza kuitwa, mwishowe nikapata moja na si ile niliyoiota.

Mzee wa Kazi:
Samahani mimi ni wa zamani. Hivi mtoto ameenda kusoma au kuchaguliwa? Na hela ya ada ya hao dada zake nani analipa? Na wanawapigaga vilevile nimesikia.

Bint Pangani:
Shikamoo babu. Hela ndo swali la maana kuliko barua kwa kweli. Kuna ada ya kujisajili hiyo wiki, halafu ukiingia kuna ada za kila semesta, na mwaka wa kwanza unalipia zaidi, vyuo vikubwa vya Kusini inafika maelfu ya dola kwa mwaka. Mama usitegemee skolashipu ilipe. Kabla ya Agosti mwambie binti aingie kwenye ukurasa wa baraza la sororiti la chuo chake, wengi wanaweka viwango vya ada. Mimi nalipa kwa kufanya kazi laibrari.

Shangazi wa Maryland:
Mzee, ya kupelekeshana, yaani kuwatesa wanaotaka kuingia, yapo kweli na watu wamekufa, si ya kuficha. Desemba 2024 ilipita sheria ya nchi nzima, vyuo vinatakiwa kutangaza hadharani vikundi vilivyokutwa na makosa hayo. Mama angalia orodha ya chuo chake, kama nyumba anayoitaka imo mkae mezani muongee.

Na kuhusu kulipa watu, wapo washauri wa kulipwa wanaowafundisha mabinti kuvaa na kuongea hiyo wiki, hiyo ni biashara yao ya wazi sina neno. Barua yenyewe ila hailipiwi. Mtu anakuandikia kwa sababu anakujua.

MamaKifungua:
Jamani Mungu awabariki. Narudi na mrejesho.

Moja, nimempigia yule dada nikamuuliza kama Bint Pangani alivyosema, dada wewe ni mwanachama wa nyumba ipi? Kimyaaa. Akasema mtandao unakatika. Toka hapo ananiona mtandaoni hajibu.

Mbili, binti nimemsomea majibu yenu yote mpaka ya Kabwela. Kafuta picha nne, sijaziona na sijauliza. Ada tumeiona kwenye ukurasa wao tukanyamaza wote wawili. Tumekubaliana nitalipia ile wiki tu, akichaguliwa nusu yangu nusu yake, atatafuta kazi. Gauni atavaa la mahafali na lile la harusi ya mjomba wake.

Tatu, kaniomba namba ya yule nesi wa Louisiana. Nikamwambia sikupi, njoo Jumamosi unichukue kazini asubuhi, yeye hutoka saa moja na nusu kama mimi, utamsalimia mwenyewe.

Kabwela Halisi:
Huyo dada wa barua akileta kadi ya mchango wa harusi, mjibu mtandao unakatika.