Tupeane uzoefu: Neno la Mungu lilitumikaje kukutenga, na ni andiko gani lililokurudisha?

Msharika wa Moshi: Bwana asifiwe, wapendwa. Jumapili iliyopita kuna msichana alisimamishwa mbele ya usharika ili "arudi kundini" kwa kuzaa kabla ya ndoa, na aliyempa mimba hakutajwa kabisa. Karibuni tupeane uzoefu.

Dada Mkubwa: Umenigusa panapouma. Mdogo wangu alipata mimba akiwa mwanakwaya, baraza la wazee likamtenga na meza ya Bwana, na mtoto akanyimwa ubatizo mpaka mama atubu hadharani. Siku ya toba alisimama karibu na madhabahu huku mtoto akililia kunyonya, naye akiogopa kumnyonyesha, ilhali kijana aliyempa mimba alikuwa kwaya ileile, sauti ya nne, akiimba. Wakatusomea Yohana 8, kisa cha mwanamke aliyefumaniwa akizini na kuletwa mbele ya Yesu. Hakuna aliyeuliza mwanamume wa kisa kile alikuwa wapi, na Walawi 20:10 inawataja wote wawili!

Mjane wa Mwanza: Hata kwetu ni hivyo hivyo. Pole sana, dada.

Mzee wa Kanisa: Tusipotoshe Neno. Yesu alimwambia pia asitende dhambi tena.

Mwalimu wa Watoto: Shikamoo, mzee wangu. Naomba utazame mpangilio: alianza na "wala mimi sikuhukumu", ndipo akamtuma aende. Sisi tumeifanya aibu kuwa nauli ya kuingilia kanisani, na mtoto asiye na kosa ndiye anayelipishwa.

Mzee wa Kanisa: Marahaba. Lakini huwezi kufuta sheria kwa huruma.

Mwalimu wa Watoto: Biblia yenyewe inatufundisha kuisoma. Kumbukumbu la Torati 23:1 ilimzuia towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa, asiingie katika kusanyiko, Isaya 56 ikamwahidi nafasi nyumbani mwa Mungu, na katika Matendo 8 Filipo akambatiza towashi Mwethiopia njiani, bila kumwekea kipindi cha adhabu.

Mkatoliki wa Songea: Niwieni radhi, langu ni zito. Kaka yangu alijinyonga, tukaambiwa hapatakuwa na ibada. Majirani Waislamu walichimba kaburi pamoja nasi, na mama, ambaye husoma kwa kufuata mstari kwa kidole, alitusomea pale makaburini Warumi 8:38-39, kwamba hakuna kitu, hata mauti, kiwezacho kututenga na upendo wa Mungu. Baadaye padri mwingine alitueleza kwamba Sheria za Kanisa za mwaka 1983 hazimtaji tena aliyejiua miongoni mwa wanaonyimwa mazishi, na kwamba Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa letu, namba 2283, inatutaka tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Akamsomea misa.

Dada Mkubwa: Nimelia. Mungu amrehemu kaka yako, na mama yako ambariki.

Kijana wa Mbeya: Ushauri wangu kwa waliotengwa: hameni, makanisa ni mengi.

Mwalimu wa Watoto: Msihame. Mwandikieni mchungaji, mkimwomba ambatize mtoto sasa bila kusubiri toba ya mama.

Mzee wa Kanisa: Barua hiyo ipitie kwa wazee kwanza.