Mjusi wa Tendaguru arudi sasa, au kwanza tuhesabu chupa zetu?

Mkazi wa Tandika (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Mada ya mjusi wa Tendaguru imeibuka tena kijiweni kwetu, kahawa imepoa watu wakibishana. Kwa wasiojua: kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, Lindi, wakasafirisha zaidi ya tani 200. Mmoja wa dinosaria hao, ndiye huyo mjusi tunayemgombania, amesimamishwa makumbusho ya Berlin tangu 1937, kimo chake mita 13.27. Mwaka 2018 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati ule, Balozi Augustine Mahiga, alisema hatutadai arudishwe. Watu hawajaridhika hadi leo.

Msimamo wangu utawaudhi: asirudi sasa hivi. Na sisemi hivyo kwa sababu ya ukumbi. Ukumbi unajengwa. Ninachoogopa ni stoo.

Nilipokuwa mafunzo kwa vitendo nilipangiwa chumba cha sampuli, mahali ambapo sitapataja. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu chupa za vyura na samaki na kuziingiza kwenye kompyuta. Wiki ya kwanza tu nikakuta samaki amekauka kama ng'onda, spiriti imetoroka kupitia kifuniko siku nyingi na hakuna aliyeongeza. Chupa ya jirani, chura yupo vizuri kabisa, ila lebo ya ndani iliandikwa kwa biro. Wino wa biro ukikutana na spiriti umekwisha. Kimebaki kikaratasi cheupe kinaelea. Chura huyo katoka Uluguru au katoka mtaro wa Ubungo? Kakamatwa lini, na nani? Hakuna ajuaye, kwa hiyo kisayansi amebaki kuwa achari. Chupa zenye lebo za penseli zote zilisomeka, hata zile za kabla sijazaliwa.

Sasa nyumba iliyoshindwa hata kutumia penseli, unaipelekea mjusi wa mita 13?

Mwanalindi

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho. Hoja yako ni ileile ya mkoloni, umeivalisha kanzu. "Hawawezi kutunza, acha vikae kwetu." Ulaya ni salama, siyo? Mifupa ya Spinosaurus, dinosaria mwingine, iliyochimbwa Misri mwaka 1912 ilipelekwa makumbusho ya Munich, Ujerumani. Mwaka 1944 mabomu yakaangukia makumbusho yale, ikateketea. Ingebaki Misri ingekuwepo leo. Na Brazil, Septemba 2018, jengo la makumbusho ya taifa Rio liliungua usiku mmoja. Moto hauulizi bara.

Halafu fuvu la Zinjanthropus, yule mtu wa kale. Lilipatikana Olduvai 1959, likatoka nje kuchunguzwa, likarudi Tanzania 1965. Liko Dar mpaka leo na wala mende hawajalila.

Nikukumbushe pia mzigo ule ulibebwa na nani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimetoka kuisha, Kusini kumekufa watu kwa njaa, babu zetu wakabeba mawe yale siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, ndiye aliyekuwa fundi wa kuitambua na kuitoa mifupa ardhini. Jina la kisayansi la mjusi likatolewa kwa heshima ya mkurugenzi wa Berlin, Branca, ambaye hakushika jembe.

Bi Fomalini

Naomba niwaingilie wanaume. Mimi kazi yangu ndiyo hizi chupa, miaka mingi sasa.

Mwanangu wa Tandika, stori yako ya biro ni kweli tupu, nimeziona kwa macho yangu. Lakini umelinganisha vitu visivyolingana. Chura ni nyama. Unamkaza kwa fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, unamhamishia kwenye spiriti ya asilimia 70, na kuanzia hapo unamlinda maisha yako yote maana spiriti inapungua kila siku. Ngozi za ndege, wadudu waliochomwa pini, mimea iliyobanwa kwenye karatasi: hivyo ndivyo joto na unyevu wa Dar vinavyovila. Umeme ukikatika siku mbili, kiyoyozi kimezima, ukungu huo. Bado kuna vijidudu vinavyotafuna sampuli kavu, ambavyo dawa yake ni kuzifunga kwenye mfuko na kuzigandisha kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri. Friza lenyewe linataka umeme huohuo.

Mfupa wa Tendaguru umeshageuka jiwe. Hanywi spiriti, haliwi na kitu. Kati ya vyote mnavyoweza kuniletea Dar, huyo ndiye mgeni mwepesi kuliko wote, ukiacha uzito wake!

Kingine hamkisemi. Yule wa Berlin si mnyama mmoja, ameungwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa na vipande vya kutengeneza. Na kuna mizigo ya Tendaguru iliyofungwa kwa mianzi na udongo ambayo wenyewe hawakuifungua kwa zaidi ya miaka 100. Nao wana stoo, nao imewashinda. Kwa hiyo mimi nisingeanza na kudai mjusi. Ningedai daftari. Mifupa iliandikiwa shimo ilikotoka, ndiyo maana mpaka leo wanataja shimo S. Hilo daftari, picha zote, na hiyo mianzi ifunguliwe kijana wetu akiwa ameshika patasi.

Mkazi wa Tandika

Mama, hapo kwenye jiwe umenikamata. Nafuta "asirudi". Nabaki na stoo yangu: tudai daftari la kule, na sisi tuandike la kwetu kwa wakati mmoja, tusije tukapokea orodha yao tukaiweka juu ya kabati.

Mwanalindi

Daftari sawa, nakubali. Ila mbona wote mnasema "Dar, Dar"? Akishushwa bandarini hapo, mtu wa Tendaguru atapanda basi usiku kucha na kulipa kiingilio amwone mjusi wa kwao. Sisi huku Kusini, kati ya Dar na Berlin tofauti ni nauli. Mleta mada, hilo hujalijibu.