Programu imechora, mkono umefuma: lebo iseme nini?

Mtande: Skafu imefumwa kwa sindano mbili, ila mchoro wake umetolewa na programu: pembetatu kama zile za gamba la konokono wa baharini, Conus textile. Lebo inasema "kazi ya mkono". Napinga. Kubuni mchoro ni nusu ya ufumaji, na nusu hiyo hakuna mkono ulioigusa.

Sindano: Hapo hata kompyuta haihitajiki. Ni Kanuni ya 30 ya mwanasayansi wa kompyuta Stephen Wolfram. Safu ya kwanza nyeupe tupu, kitanzi kimoja tu cheusi katikati. Kisha kila kitanzi kipya kinatazama vitatu vya safu iliyopita: kilicho chini yake, cha kushoto na cha kulia. Cha kushoto kikiwa cheusi, kipya kinakuwa cheusi pale tu hivyo viwili vingine ni vyeupe. Kikiwa cheupe, inatosha kimoja kati ya viwili kiwe cheusi. Basi! Ila "kushoto" ni kwa kutazama mbele ya kitambaa. Ukigeuza kufuma safu ya nyuma, kunakuwa kulia kwako, na wengi huharibia hapo.

Mshindio: Inategemea mfumaji anasoma nini. Akifuata mchoro uliochapishwa, kitanzi kilichokosewa kinabaki doa. Akisoma kitambaa chenyewe, kosa linasambaa: ukingo wake unasogea kulia kitanzi kimoja kila safu. Kwa vitanzi 20 na safu 28 katika sentimita 10, ukilishtukia sentimita 10 juu, limeshafika sentimita 14 pembeni. Fumua. Mfumaji anayesoma kitambaa hivi simnyimi lebo.

Mtande: Sawa, lakini geuzeni skafu hii muone nyuma. Kwenye pembetatu pana uzi mweusi umeruka vitanzi 12 bila kushikwa, yaani bila kubanwa na uzi mwingine, kidole kinanasa. Anayebuni kwa jicho angezipunguza. Kanuni haijui uzi.

Sindano: Hilo ni la mfumaji: ushike uzi kila baada ya vitanzi vinne au vitano, na safu inayofuata usishikie palepale, la sivyo weusi utachungulia mbele. Tena kitanzi ni kipana kuliko kimo chake, kwa hiyo pembetatu ya kwenye skrini inatoka imebonyea. Nayo ni ya kuamua mkononi.

Mshindio: Basi lebo iseme "imefumwa kwa mkono", na mstari wa pili utaje kanuni na safu ya kwanza. Mwenye kutaka kukagua atahesabu.

Mtande: Mstari huo wa pili uwe na herufi za ukubwa uleule, ndipo nitakubali.