Mrejesho: lile toazi la zamani nimelichukua

Wakuu, habari zenu. Niliuliza kama ninunue toazi la seti ya ngoma la inchi 20, la kampuni ya Zildjian, ambalo muuzaji alidai ni la miaka ya 1950 na akataka bei ya juu. Nawashukuru kwa dhati kwa ushauri wa kulikagua kwanza, mmeniokoa.

Kwanza mhuri. Matoazi yao ya enzi hizo hayakugongwa mwaka, kwa hiyo umri unakisiwa kwa umbo la mhuri uliozama kwenye shaba. Huu ulisomeka, nami nikaridhika kuwa ni la zamani kweli. Mizani ikaonyesha gramu 2,140, wepesi unaopendwa na wapigaji wa jazi.

Kisha nikazima taa, nikamulika tochi ya simu kutoka upande wa chini. Hapo ndipo moyo ulipopiga paa! Karibu na ukingo kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha, unaofuata mkwaruzo wa mashine iliyolichonga. Tundu la katikati nalo limelika upande mmoja. Tundu si tatizo kubwa, ila ufa hutembea kadiri unavyopiga.

Nililinganisha na bei ambazo matoazi kama hili yameuzwa kweli, si zile zinazotajwa tu, nikampa theluthi moja ya alichotaka. Alikataa. Siku ya tatu akanipigia mwenyewe, tukamalizana.

Nalipiga taratibu, kwa ncha ya kijiti, mbali na ufa. Sauti yake ni nzito na ina moshi, naipenda mno. Kung'arisha sithubutu, ule utando wa kahawia wa uzee unabaki.