Ushauri: Kamera gani nzuri ya kurekodi mawindo na kuchunguza wanyama? Nipo Dodoma

Kijana wa Nkuhungu (Mei 12)
Wakuu habari za jioni. Nataka kununua kamera ya video ya kurekodi mawindo na kujua wanyama wanapita wapi, nianzishe chaneli YouTube. Naishi Dodoma mjini ila shughuli yenyewe iko upande wa Chemba. Bajeti milioni moja na nusu. Nimesoma mitandaoni mpaka kichwa kinauma, kila mtu anasifia ya kwake. Nalala saa nane usiku. Naombeni ushauri, matusi sitaki.

Ubuyu Mchungu
Nimekaa pale na karanga zangu.

Fundi Lenzi
Mkuu, kabla ya jina la kamera angalia zumu. Kuna zumu ya lenzi na kuna zumu ya uongo, ile inayokata picha na kuivuta. Mimi nilinunua kikamera kimeandikwa zumu mara 1000 ubavuni, nikakimbilia nacho Mtera kurekodi viboko. Kufika nyumbani, kwenye runinga kiboko amekuwa gunia la mkaa linaloelea. Wanangu walicheka mpaka mama yao akatoka jikoni.

Sony AX53 ina zumu ya lenzi mara 20, tundu la maiki lipo, na gizani inaona kwa infraredi, umbali mfupi lakini. Nikon P900 inavuta mara 83, utahesabu kope za mnyama, ila tundu la maiki haina, na upepo wa Dodoma unaujua. Utasikia fuuu mwanzo mwisho. Halafu jua likishapanda, ukivuta mbali picha inacheza kama unatazama kupitia moshi wa jiko. Hilo halina dawa kwenye kamera yoyote. Rekodi alfajiri, na stendi iwe nzito.

Mama Zabibu
Milioni na nusu ununue kamera? Shamba la zabibu Hombolo umeshalipalilia?

Mzee wa Kizigo
Nimefuata nyayo miaka kumi na moja mapori ya akiba ya Kizigo na Rungwa, nikiwa na wageni wa uwindaji. Mpiga video anakaa nyuma ya bega la mwenye bunduki, hatangulii. Mlio wa kamera unazimwa, na kile kitaa chekundu cha mbele unakibandika plasta, maana tandala anakiona kabla hujamwona yeye. Kosa la wageni wote ni moja: wanabonyeza mara mbili bila kujua. Mnyama anapita, kamera imezima. Wakishuka kilima wamefurahi, kamera inarekodi viatu. Kuna mmoja alirudi kwao na dakika arobaini za soli.

Sasa kijana, unawinda na kampuni gani? Kitalu gani?

Kijana wa Nkuhungu
Shikamoo mzee. Nashukuru sana, Fundi pia. Je, zile kamera za kufunga kwenye mti zikoje?

Fundi Lenzi
Zile ndizo za uchunguzi hasa, mnyama akipita zinajiwasha zenyewe. Funga usawa wa goti, isitazame mashariki wala magharibi, jua litaipofusha. Na ukate nyasi mbele yake. Mimi sikukata. Kadi ilijaa siku mbili: picha elfu mbili za nyasi na mbuzi mmoja wa jirani.

Mzee wa Kizigo
Marahaba. Hujanijibu.

Kijana wa Nkuhungu
Sio kampuni mzee. Ni mjomba wangu na wenzake wawili, watu wa pale pale kijijini. Wanapata kanga, kware, siku nyingine digidigi. Kitoweo tu.

Mzee wa Kizigo
Kibali?

Kijana wa Nkuhungu
Kibali alikuwa nacho.

Ubuyu Mchungu
"Alikuwa nacho" 😂😂 Karanga zimeisha, naleta nyingine.

Kijana wa Nkuhungu
Jamani mimi nimeuliza kamera. Mjomba anawinda tangu sijazaliwa, na wala hawaingii Swagaswaga, wanaishia huku nje ya pori. Sura za watu nitazifunika. Isitoshe P900 ya mtumba nimeshailipia nusu kwa jamaa Kariakoo, Ijumaa napanda SGR kuifuata. Nilitaka tu kujua kama nimepatia.

Mama Zabibu
Kumbe umeshalipa! Hela ya nani?

Kijana wa Nkuhungu
Nusu yangu, nusu ya kikoba cha mke wangu. Anajua. Yaani anajua nimeichukua, hajui ya nini.

Mwanasheria wa Kijiweni
Mdogo wangu, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haiulizi mjomba ameanza lini. Kuwinda bila leseni ni kosa, ndani ya pori la akiba au nje. Wengine hutafutiwa ushahidi, wewe unataka kuurekodi, kuuhariri, kuuwekea muziki na kuupandisha YouTube wenye tarehe. Kuifunika sura ya mjomba hakusaidii kama sauti yako inasema "mjomba piga".

Ubuyu Mchungu
Wazee wa Kondoa walichora wanyama na watu kwenye miamba ya Kolo bila betri wala kikoba. Mwaka 2006 UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia. Chora mkuu, hela ya shemeji irudi.

Hesabu Kali
Niulize kitu. Leo Mei 14. Msimu wa uwindaji unafunguliwa Julai mosi. Mtu ana mjomba asiye na kibali, anakuja mbele ya watu wote na kutaja wilaya, pori na idadi ya wawindaji? Hii ni chai, haina hata sukari.

Ubuyu Mchungu
Au ni bwana nyama, ofisa wa wanyamapori, anavua samaki humu. Anangoja mmoja aseme "hata mimi nawinda huko, nitafute inbox".

Fundi Lenzi
Duh. Mimi Mtera nilikwenda kutazama viboko tu, iandikwe hivyo.

Mama Zabibu
Bwana nyama gani anakula hela ya kikoba? Huyu ni mume wa mtu, nawajua.

Kijana wa Nkuhungu
Mimi sio bwana nyama na sio chai. Nimempigia jamaa wa Kariakoo, hela harudishi, ila kwa niliyotoa anaweza kunipa kamera mbili za mtini. Labda nizichukue, nirekodi wanyama tu wanaokuja kunywa maji, watu wasiwepo.

Mzee wa Kizigo
Hapo umeanza kuongea. Nenda kwanza ofisi ya wanyamapori wilayani, ueleze unataka kuzifunga wapi.

Kijana wa Nkuhungu
Sawa mzee. Nimemwambia na mjomba. Amesema hana shida, kamera nipeleke tu, ila nikija nimletee betri za tochi.

Mzee wa Kizigo
Tochi?