Kuvuka kutoka Tanga hadi Pemba kwa mashua binafsi: nipite wapi, na nifike saa ngapi?

Mwenye Mashua
Assalamu alaikum, wazee wangu na ndugu zangu. Nina mashua ya meta 10 yenye tanga na injini ndogo, nami nimekusudia mwishoni mwa Septemba kumchukua mke wangu na watoto wawili hadi pwani ya magharibi ya Pemba, tutembelee visiwa vya Misali na Fundo kwa siku chache. Kwenye ramani njia ni kunyoosha mashariki tu, lakini upande wote ule una miamba na milango ya kuingilia ni michache. Je, nivuke moja kwa moja?

Nahodha wa Pangani
Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Usivuke moja kwa moja. Mkondo wa Pemba huelekea kaskazini, na wakati wa kusi, yaani upepo utokao kusini, huweza kufika maili 4 za baharini kwa saa, hivyo chombo kinachokwenda maili 5 kitatazama bandari ya Mkoani, Pemba, huku kikibebwa kuelekea Shimoni, Kenya; wala nanga haitakufaa, kwa kuwa kina cha pale ni mamia ya meta. Teremka kwanza hadi Pangani ukiwa ndani ya miamba ya bara, uingie mtoni maji yakiwa yamejaa kwa sababu mdomoni pana fungu la mchanga, ulale, kisha uvuke ukielekeza omo (mbele ya chombo) kusini zaidi ya unakokwenda. Ukipita kisiwa cha Maziwe usitafute miti inayotajwa na wazee: mivinje yake ilikwisha zamani, na lililobaki ni fungu la mchanga ambalo hufunikwa maji yakijaa sana. Kama una nafasi, subiri Novemba, upepo wa kusi uwe umelegea.

Mzaliwa wa Wete
Naafiki, nami naongeza suala la saa. Asubuhi jua humpiga nahodha usoni na maji yote hung'aa sawasawa. Alasiri, jua likiwa mgongoni, mwamba huonekana kwa rangi ya hudhurungi, mchanga kwa kijani chepesi, na kilindi kwa buluu iliyoiva. Ondoka Pangani saa kumi alfajiri ili ufike saa nane mchana. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji ya pwani yetu hujaa kiasi cha saa kumi jioni, kwa hiyo saa nane yangali yanapanda, na ukigusa mwamba yatakuinua. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, saa hiyo hiyo yanakupwa. Mimi huchagua siku ya pili baada ya bamvua, kasi ya maji milangoni ikiwa imepungua. Kwa mara ya kwanza ingia kwa njia ya meli za Mkoani, uripoti bandarini, na milango ya Fundo na Njao uiache hadi upate mvuvi wa kukuongoza.

Misali ni kisiwa cha hifadhi, na wavuvi wana madago (kambi) yao pale. Tia nanga mchangani, kamwe si juu ya matumbawe. Wazee husimulia kwamba Khidhri, mja mwema wa Mungu, alikifanya kisiwa kile msala wake wa kuswalia, ndipo kikaitwa hivyo. Wasimulieni watoto mkiwa pale pale ufukweni.